Yai la Mgonjwa wa Ini

Mume wangu ni askari magereza, mtu wa kaskazini mwa Uganda. Mimi ni Mkenya, nilikuwa nauza vipuri vya malori Bugembe, karibu na Jinja. Alipohamishiwa Mbale tulikubaliana nibaki na duka, yeye awe anakuja mwisho wa mwezi. Upweke wake akauzamisha kwenye waragi, ile pombe kali ya Uganda. Sikujua, mpaka siku aliposhuka nyumbani macho yakiwa ya manjano kama binzari.

Nilifunga duka nikarudi naye Mbale. Daktari hakuzunguka: pombe imeliumiza ini, nalo limejaa mafuta. Akamwandikia vidonge vya mafuta ya soya, tena akasema ale mayai, maharage na samaki.

Mama mkwe alikuwa amekuja kumuuguza, katika nyumba tuliyopanga chini ya mlima Wanale. Kiswahili chake alikipata kambini, enzi za kuwa mke wa mwanajeshi. Aliponikuta nachemsha mayai, aliisukuma sufuria kando.

"Ini yake najaa mafuta, na wewe naongeza mafuta? Nataka ua mtoto yangu?"

Hofu yake ilikuwa yangu pia. Siku ya kliniki ya mume wangu nikamchukua mama, tukaenda wote watatu.

Daktari alimvutia kiti. "Mama, ini ni kama nyumba yenye vyumba vidogo vingi, ndizo seli. Kila chumba kina ukuta mwembamba, na ukuta huo umejengwa kwa mafuta ya aina yake, yanaitwa fosfolipidi. Pombe inatoboa kuta. Ini linajua kujitengeneza, lakini linahitaji udongo wa kuzibia, na udongo huo upo kwenye kiini cha yai, upo kwenye soya. Tena mafuta hayo ndiyo husaidia kuyatoa yale mabaya yaliyojazana ndani."

"Dawa hii naponya yeye?"

"Siwezi kukuapia, mama. Wengine huwasaidia, wengine si sana. Akirudia pombe, haina kazi."

Mama akamgeukia mwanawe. "Afande," akamwita hivyo, yeye aliyemzaa, "mimi nazika baba yako. Wewe nataka mimi zika wewe pia?"

Mume wangu aliinamisha kichwa akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Mama alikaa nasi mpaka mahindi yakavunwa. Kila asubuhi alimpelekea yai na uji wa soya, akaketi pale hadi amalize. Mimi niliachana na Bugembe, nikafungua duka dogo Busiu, nje kidogo ya Mbale. Mume wangu aliteleza mara moja tu, akanywa kwenye matanga ya mwenzake wa kazini. Aliniambia mwenyewe kabla sijamuuliza, nami sikumgombeza.

Macho yalirudi meupe polepole. Kipimo cha mwisho kilionyesha ini limepona sehemu kubwa, ingawa kovu lipo na halitaondoka. Siku hizi akitoka kazini hunipitia dukani, ananisaidia kuingiza bidhaa ndani, huku akiuliza tumepika nini. Hamu ya kula imemrudia; ana njaa kila wakati.