Honi Mbili Mbele ya Mlango wa Mama

Baba alifanya kazi kwenye injini ya gari moshi. Ikikaribia Nakuru ilipiga filimbi mara mbili, na mama hapo hapo akabandika maji ya ugali. Siku moja injini iliingia kimya. Kabla maji hayajachemka, wanaume wawili wa reli walikuwa mlangoni, kofia mikononi, na baba hakuwa nao.

Ndiyo sababu nilipopata kazi ya utaniboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la maziwa la Subukia, mama aliniomba kitu kimoja tu. "Ukipita hapa, baba, piga mbili. Nijue uko." Dereva, mzee mpole, aliniacha niibonyeze honi mwenyewe kila adhuhuri. Mama alitoka na mwiko, akaupunga, akarudi jikoni.

Mimi nikaota usukani. Mzee akanifundisha, na tulipokuwa tukingoja mikebe ya maziwa tulisoma kijitabu cha sheria za barabarani, yeye akinifafanulia Kiingereza. Neno nililolipenda ni hoot.

"Bundi akilia, hiyo ni hoot," alisema. "Watu wakikuzomea, hoot. Honi ya gari, hoot vile vile. Lakini sikiza, kijana. Wewe yako ni ya kona, ya ng'ombe, na ya mtu asiyekuona. Si ya salamu. Ukisalimia nayo siku ya mtihani, umekwisha."

Nilicheka. Bundi tena! Kwetu bundi akilia juu ya paa, nyumba nzima hailali.

Mama sikumwambia siku ya mtihani. Nilitaka kumletea laiseni mkononi, nione uso wake. Tulitumia lori lile lile. Mzee akabaki ofisini, Mzungu wa mtihani akakaa kando yangu na karatasi gotini. Kona, nikapiga. Ng'ombe, nikapiga.

"Mzuri," akasema. "Sasa pinda kushoto."

Kushoto ni barabara ya nyumba za reli, ndiko kwetu. Na ilikuwa adhuhuri.

Nikapinda. Nilimwona mama kutoka mbali, mlangoni, mwiko tayari. Nikajiambia ataniona tu, lakini jua lilikuwa limejaa kwenye kioo cha mbele, asingeona aliyemo. Nikapita. Hatua kumi, ishirini. Kwenye kioo cha pembeni nikaona mwiko ukianguka, na mama akitoka mbio barabarani, pekupeku, mikono kichwani. Lori limeingia kimya.

Nikapiga mbili.

"Nani iko mbele?" akauliza Mzungu.

"Hakuna, bwana. Iko nyuma. Mama yangu."

Akageuka, akamtazama mama aliyekuwa ameketi kwenye vumbi, anacheka huku akijifuta macho. Akaandika. "Rudi mwezi ingine," akasema, wala si kwa ukali.

Jioni mama alinipakulia. "Leo honi imechelewa. Moyo ulitaka kunitoka."

"Ilikwama kidogo, mama."

"Mwambie mzee aitengeneze."

"Nitamwambia."

Kesho yake nilianza kupiga kabla hata hatujafika kwenye kona ya kwetu.