Mama Kupe na homa aliyoitambua mwenyewe

Saa mbili asubuhi, wenzake wangali wanasalimiana koridoni, mwanamke mwenye koti jeupe lililochakaa mifukoni ameshainamia hadubini. Kwa ncha ya brashi nyembamba anawageuza kupe mmoja mmoja kwenye kisahani cha kioo.

"Huyu dume," anasema bila kuinua macho. "Na huyu bibi ameshiba mpaka miguu haigusi chini."

Wafugaji ndio waliombatiza Mama Kupe, na jina likamganda. Ana miaka hamsini na tisa, na zaidi ya nusu ya umri huo ameutumia kuchunguza viumbe ambao watu wengine huwakanyaga tu. Ramani yake ya malisho yenye kupe hatari ndiyo inayowaongoza madaktari wa mifugo wanapopanga kuogesha ng'ombe.

Nyumbani kazi hiyo ilikuwa na masharti yake. Mama akitoka mazizini hakumbatiwi mpaka aoge.

"Wenzetu mama zao walirudi na peremende," anasema bintiye mkubwa, fundi cherehani. "Wetu alirudi na vichupa, halafu anatuambia tusivitikise, wamelala."

Mumewe, mwamuzi mstaafu wa mpira, ndiye aliyepika na kuwasuka mabinti mkewe alipokuwa safarini. Mama Kupe amefika nchi kumi na moja. "Usidhani nimetembea," anacheka. "Nilichoona ni mazizi."

Miaka sita iliyopita, moja ya safari hizo nusura iwe ya mwisho. Siku chache baada ya kukusanya kupe malishoni, ugenini, alishikwa na homa kali. Hospitalini walipima malaria, hawakuiona, wakampa dawa ya maumivu. Homa ikazidi. Alijua kinachomsumbua, ila lugha yao hakuijua.

"Nilimpigia mume wangu, nikamwambia watoto wasije wakagombana," anakumbuka. "Akaanza kulia, mtu aliyezoea kuzomewa na uwanja mzima."

Muuguzi wa zamu akamwona anahangaika kuchora kitu hewani kwa kidole. Akampa kalamu. Mama Kupe akachora mdudu wa miguu minane, palepale kwenye shuka. Muuguzi akaitazama picha, akamtazama yeye, kisha akaanza kumkagua mwili taratibu. Nyuma ya goti akakuta kidonda kidogo cheusi. Akatoka mbio kumwita daktari.

Dawa ikabadilishwa. Siku ya tatu mgonjwa akaomba chai.

Wengi walidhani ataachana na kupe. Yeye akarudi kuwapima wafugaji, akagundua wengi wao walikuwa wakitibiwa malaria wasiyokuwa nayo. Siku hizi zahanati za eneo lake humuuliza mwenye homa kama ameumwa na kupe.

Jambo jingine aliloanza baada ya kupona ni kuogelea, mwalimu akiwa mumewe. "Anajitahidi," mume anasema. "Maji ndiyo hayampi ushirikiano."

Mwezi ujao anastaafu, na tiketi mbili zimeshakatwa. Wanakwenda kumshukuru yule muuguzi, ambaye huzungumza naye kwa simu huku mjukuu wa muuguzi akitafsiri.

"Ameniambia nisithubutu kwenda peke yangu," anasema, akivua koti. "Anataka kumwona mwanamume aliyekuwa analia kwenye simu."

Mumewe, aliyekuja kumchukua, anakohoa kidogo mlangoni.

"Mwambieni nilikuwa na mafua."