Maneno ya Mzee Kibunda

Sisi tuliokulia Kishapu wakati redio moja ilitosha kitongoji kizima, tunajuana kwa vitu vidogo. Mwambie mtu wa rika langu kwamba betri zimeanikwa juu ya bati, hatakuuliza kwa nini. Anakumbuka mwenyewe jinsi betri zilizochoka zilivyokaa juani kutwa ili jioni zipate nguvu ya kutufikisha mwisho wa mchezo, na jinsi sauti ilivyofifia kidogo kidogo huku sisi tukisogea, mpaka vichwa vinagusana na mtu yeyote akikohoa anatolewa nje.

Redio yetu baba aliinunua baada ya msimu mzuri wa pamba. Mama aliifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa baba. Mimi na pacha wangu Doto tulikuwa na kazi moja tu, kuwahi kurudisha ng'ombe zizini ili tusikose mchezo wa kuigiza wa Mzee Kibunda. Majirani walifika na vigoda vyao. Mama alipitisha ungo wa michembe iliyochemshwa na karanga, tukawa tunatafuna viazi hivyo vikavu polepole ili midomo isipige kelele.

Mzee Kibunda alikuwa mtu mvivu asiyependa wageni. Kila alipoona watu wanakuja kwake, alimwambia mkewe kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, tandika jamvi, wageni wamefika." Halafu unasikia mlango wa nyuma unalia, na miguu yake inakimbia. Basi. Ndicho kilichokuwa kichekesho, wiki baada ya wiki, na hatukukichoka. Sisi wenyewe jamvi hatukulijua. Nyumbani kwetu tulikalia ngozi ya ng'ombe, ikabidi Doto akamuulize mwalimu. Bibi yetu hakujua Kiswahili, kwa hiyo mimi nilikaa karibu na sikio lake nikimgeuzia kila neno kwa Kisukuma. Alicheka baada ya watu wote kumaliza, peke yake, kwa muda mrefu, na watu wakaanza kucheka tena kwa sababu yake.

Maneno yale yakawa yetu. Ng'ombe wakiingia kwenye pamba ya mtu na mwenye shamba akatokea, Doto alisema tu taratibu, "Tandika jamvi," na mimi nilikuwa nimeshaondoka. Shuleni ilikuwa hivyo hivyo. Mwalimu wa zamu alikuta darasa zima limenyamaza, kila mtu na daftari lake, akabaki anashangaa nani ametuambia. Hakuna aliyepiga kelele, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Ukubwani mimi na Doto tuliifuata dhahabu, kwanza upande wa Geita, kisha Mwakitolyo. Katika duara la kwanza tuliloshuka, kama tunavyoita mashimo yetu, tuliona jambo ambalo sijalisahau. Mtu mmoja alisikia ukuta unalia akapiga ukelele kwamba shimo linaanguka. Watu wote wakaikimbilia ngazi kwa pamoja. Ukuta wenyewe haukuanguka siku ile. Aliyeanguka ni mwenzetu, aliyevutwa kutoka juu ya ngazi na mikono ya waliokuwa chini yake, na hakuinuka tena.

Tangu hapo wachimbaji wakubwa wakakataza ukelele shimoni. Na siku nyingine, matimba yalipoanza kulia, yaani yale magogo yanayoshikilia kuta, nilimsikia Doto gizani akisema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mkewe, "Tandikeni jamvi, wageni wamefika." Walikuwemo watu kutoka Bukombe, Kahama na Sengerema. Wote walikuwa wamekaa mbele ya redio kama sisi. Tuliweka zana chini tukapanda mmoja mmoja, wengine wakitabasamu, na mtu wa mwisho alipotoka, chini kulikuwa kumezibwa na udongo. Kuanzia siku hiyo tulitumia maneno hayo kila palipokuwa na hatari. Tuliyatumia miaka mingi, hadi nikasahau kwamba yalitoka kwenye mchezo.

Doto kifua kilimchosha kwa vumbi, akaacha kazi na kuhamia Kalangalala, Geita mjini, anakouza vipuri vya pikipiki. Mimi nimebaki Mwakitolyo nikiwa msimamizi wa duara. Wenzangu wa zamani wamepungua, mmoja karudi kulima, mwingine amezikwa. Vijana ninaosimamia sasa wangeweza kuwa watoto wangu, na mmoja wao, Masanja, kweli ni mtoto wangu, maana ni kitinda mimba wa Doto. Baba yake aliniletea mwenyewe akasema, "Kulwa, huyu nakuachia."

Ni vijana wazuri. Wanasalimia shikamoo asubuhi kama walivyofundishwa kwao. Lakini kila mmoja anashuka na kijispika chake au na waya masikioni, na wakati wa kula wanakaa pamoja bila kuwa pamoja, kila mtu anacheka kitu cha kwenye simu yake. Nikitaja mwimbaji tuliyemlilia, wananiangalia kwa heshima, kama mtu anavyomwangalia mgonjwa. Nikiwaeleza tulivyorudisha kanda nyuma kwa kalamu, Petro, kijana wa Ushirombo mwenye maneno mengi, huuliza kama hiyo kalamu ilikuwa na chaji. Nilikuwa nacheka nao. Niliona ni utani wa mzee na vijana, hauna madhara.

Asubuhi moja nilishuka kukagua. Mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi yake na sikuipenda rangi ya udongo. Nilisimama chini ya ngazi, pale handaki linapoanza. Vijana walikuwa ndani wakigonga mwamba, Petro karibu yangu, wawili katikati, Masanja mwisho kabisa. Kispika kilikuwa kinapiga muziki. Nikaona udongo laini unashuka kati ya magogo mawili, mwembamba, kama unga unaopita kwenye chekeche. Kisha gogo likalia.

Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama tulivyozoea, "Vijana, tandikeni jamvi, wageni wamefika."

Moko zao za kupasulia mwamba ziliendelea kugonga. Nikadhani hawakusikia. Nikazima kispika, nikarudia.

"Wageni gani, mzee?" Petro akauliza.

"Labda wa wizarani," akasema mmoja wa wale wawili, na wakacheka.

Sauti ya Masanja ikatoka mwisho wa handaki, yenye uchangamfu, sauti ileile ya baba yake alipokuwa na umri huo. "Baba mkubwa, jamvi la nini huku? Tutandike kwenye matope?"

Sijui nieleze vipi nilichohisi. Hofu ya ukuta niliizoea. Hii ilikuwa nyingine. Nilikuwa nimesema neno kubwa kuliko yote ninayoyajua, na watu wanne wananitazama kwa tochi zao wakisubiri nimalizie kichekesho. Nikitumia ukelele, nitawaua kwenye ngazi. Nikinyamaza, nitawaua hapa. Gogo likalia tena, na udongo ulioshuka sasa haukuwa unga.

"Petro," nikasema, "weka moko chini. Udongo unashuka. Panda ngazi, usikimbie. Nyie wawili mfuateni. Masanja, njoo kwangu. Njoo sasa hivi, mwanangu, acha kila kitu."

Petro alinitazama usoni, na uso wangu nadhani ndio uliomweleza. Akapanda. Wale wawili wakapita, mmoja anatetemeka mpaka ngazi inacheza, nikamshika kifundo cha mguu nikamwambia apumue. Masanja alikuwa anakuja kwa kuinama, maana mle ndani husimami wima. Taa ya kichwani mwake ilikuwa inayumba. Nikaanza kumwita kwa jina, taratibu, kama mtu anayemwita ndama. Alipokaribia kiasi cha kunyoosha mkono, nyuma yake pakatoka sauti nzito na hewa ikatupiga usoni. Giza likawa jekundu kwa vumbi. Nikamshika mkono. Haukuja.

"Mguu," akasema. Hakulia. "Baba mkubwa, mguu."

Nilichimba kwa mikono. Yeye naye alichimba. Petro, ambaye nilimwambia apande, alikuwa amerudi, sikumsikia akishuka, nikaona tu mikono mingine inafukua pembeni ya yangu. Buti lilibaki chini ya jiwe, mguu ukatoka, na Petro akambeba mgongoni hadi juu huku mimi nikimsukuma kutoka chini. Tulipofika kwenye jua nilikaa chini kama gunia. Ndipo shimo likafunga lote, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekohoa chumba cha pili.

Mama anayetupikia alimfunga Masanja mguu kwa kipande cha kanga wakati tukingoja bodaboda ya kumpeleka zahanati. Mfupa ulikuwa umepasuka, lakini vidole alivichezesha. Tulimlaza chini ya turubai. Aliponitazama, akauliza, "Ulisema nini kule chini? Mara ya kwanza."

Nikawasimulia. Redio, kitambaa cha mama, bibi akicheka mwisho, mlango wa nyuma unavyolia. Walisikiliza kwa makini kuliko siku zote, lakini hakuna aliyecheka. Kilichotuchekesha sisi, wao kilipita mbele yao kama gari tupu. Petro akatoa simu, mikono bado ina udongo, akaandika jina la Mzee Kibunda. Akatafuta muda mrefu.

"Haipo, mzee," akasema kwa upole. "Hakuna kitu. Una hakika ilikuwepo?"

Hakuwa na nia mbaya. Kanda za mchezo ule labda zilifutwa ili kurekodia kitu kingine, na waigizaji sidhani kama wapo. Kama haumo kwenye simu, na vijana hawaujui, upo wapi? Kwa dakika chache nilihisi kama mtu anayedai shamba ambalo mipaka yake haionekani tena.

Nilimpigia Doto baada ya bodaboda kuondoka. Baada ya salamu nikamwambia tu, "Leo tumetandika jamvi."

Kisha pumzi yake yenye mluzi ikaongezeka. "Masanja alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani. Ametoka. Mguu umeumia, atapona."

"Uliwaambia mapema?"

"Niliwaambia. Hawakuelewa, Doto."

"Hata yeye?"

"Hata yeye."

Nilisikia pikipiki zikipita kwenye barabara yake, na mteja akiuliza bei ya cheni bila kujibiwa. "Sikuwahi kumwambia," akasema mwishowe. "Nilidhani anajua. Nilidhani kila mtu anajua."

Alisafiri siku hiyohiyo. Alikaa kando ya kitanda cha mwanawe zahanati, na nilipoingia nilimkuta anamwigiza Mzee Kibunda, sauti ya upole, kifua kikimkatiza. Masanja alitabasamu kwa ajili ya baba yake. Tulijua, mimi na Doto, kwamba si kwa ajili ya Mzee Kibunda.

Kabla ya kufungua shimo jipya, niliwakusanya vijana wote wa duara letu na la jirani. Nikawaambia tunahitaji neno la hatari, na safari hii walichague wao, liwe la kwao, mimi nitalisoma kama mtoto wa chekechea. Walifurahi. Petro akatoa msemo wa mchekeshaji mmoja wa mtandaoni, akauigiza kwa mabega na macho. Nusu yao walicheka, nusu wakauliza huyo ni nani. Mwingine akataja kipande cha wimbo. Wa umri wa Masanja waliujua, wale waliomaliza shule juzijuzi wakasema huo ni wimbo wa wazee. Nilidhani wanatania. Hawakuwa wanatania. Wa tatu alileta kitu cha kwenye mchezo wa simu, na hakuna aliyekijua ila yeye. Wakabishana mpaka chai ikapoa, kisha kila mmoja akamtazama mwenzake kama watu wasiojuana waliokutana kituo cha basi.

Hapo ndipo nilipowaonea huruma, na nikaacha kujionea mwenyewe. Mimi nilikuwa nimepoteza watu wa kucheka nao. Wao walikuwa hawajawahi kuwa nao. Sisi tulikuwa na redio moja, yenye betri mbovu, na kwa sababu hiyo mtu wa Bukombe na mtu wa Kishapu, waliokutana kwa mara ya kwanza shimoni, walikuwa tayari wamecheka pamoja utoto mzima. Hawa wana kila kitu, mchana na usiku, viganjani mwao, na chini ya ardhi hawana sentensi moja ya pamoja.

Tuliamua neno liwe "Tokeni." Petro aliliandika kwa rangi nyekundu kwenye ubao juu ya ngazi. Kila Jumatatu tunafanya mazoezi. Mmoja analisema bila kupaza sauti, wanaweka zana chini, wanatoa waya masikioni, wanapanda kwa zamu, wakubwa kwa wadogo. Wamekuwa wepesi, wepesi kuliko tulivyokuwa sisi. Masanja amerudi kazini, anachechemea kidogo, na ndiye anayewasimamia wenzake ngazini. Ni neno zuri. Mtu aliyefika jana analielewa, na halihitaji mtu mzima wa kulifafanua. Ila nimesimama pale juu mara nyingi nikiwatazama nyuso zao wanapotoka kwenye mwanga, na bado sijaona hata mmoja anayetabasamu.