Mto Wangu na Mto wa Bamwana

Niliondoka kwangu Kabeza, Kigali, kwa sababu ya kiburi, nisiwadanganye. Mke wa mwanangu Fabiani alijifungua mtoto wa kike huko Kamembe, kando ya Ziwa Kivu, na mama wa huyo mke, Konsolata, alikuwa tayari na jina: Umutoni. Mimi nilitaka Uwera, jina la marehemu mama yangu. Tukagombana kwa simu.

"Bamwana," akaniambia, maana wazazi waliooziana ndivyo tunavyoitana huku, "wewe umetoka kwenye kijito cha matope. Maji yetu sisi yanakwenda Mto Kongo."

Mimi! Niliyekulia Karagwe nikichota maji ya Kagera, na leo naishi Kigali, ambako Nyabarongo unapita ukienda kuwa Kagera huohuo, kisha Ziwa Viktoria, kisha Nile mpaka Misri! Nikamwambia, "Haya. Mwenye mto mkubwa ndiye atoe jina." Akakubali haraka mno. Hapo ningepaswa kushtuka.

Asubuhi, stendi ya mabasi ya Nyabugogo. Nikapanda basi, nikakaa karibu na padri mmoja mpole. Tulipofika Huye nilikuwa nimeshamweleza mara tatu kwamba nchi kumi na moja zinagawana maji ya Nile. Padri akatoa rozari.

Mchana, msitu wa Nyungwe. Chai niliyokunywa Huye ikaanza kudai. Nikamwita kondakta.

"Mukecuru," akasema kwa heshima tunayopewa wanawake wazee, "msituni hatusimami."

"Basi, mwanangu, gari lako litapata mto wake."

Dereva alisikia. Akasimama pale pale, penye kibao cha mgongo wa mlima unaogawa maji. Kondakta akanieleza: mvua ikianguka nyuma ya kibao inakwenda Nile, ikianguka mbele inakwenda Kongo. Mbele kulikuwa na kichaka kinene, cha heshima. Nyuma, majani mafupi na nyani wawili. Nikashika njia ya nyuma.

"Mukecuru, kichaka kiko huku!"

"Nimekiona! Yule mwanamke hapati hata tone langu!"

Basi zima lilicheka, padri akiongoza. Nyani tu ndio hawakucheka.

Jioni, Kamembe. Konsolata alinipokea mlangoni. "Karibu, bamwana. Pole na matope."

"Matope yanayolisha Misri," nikamjibu, nikaingia.

Kesho yake watoto wa jirani walilishwa, kama ilivyo desturi ya kumpa mtoto jina, kila mmoja akampendekezea mtoto jina. Mmoja alisema Chapati. Ndipo tukamgeukia Fabiani atuamulie mto mkubwa ni upi, kwa kuwa ni mwalimu wa jiografia. Jasho lilimtoka kama aliyeshikwa na polisi.

"Mama, kwa urefu, Nile unaushinda Kongo."

Nikapiga vigelegele.

"Lakini maji ya Kongo ni mengi zaidi. Mbali sana. Hata eneo linaloukusanyia maji ni kubwa zaidi."

Nikakatiza vigelegele. "Wangu mrefu hivyo, maji yanakwenda wapi?"

"Unapita jangwani, mama. Jua linayanywa. Kongo uko kwenye misitu ya mvua, unapokea mito kushoto na kulia."

Nilijua pa kuponea: ningeshikilia urefu mpaka asubuhi, na Fabiani asingethubutu kunipinga. Lakini nilimwona mkwe wangu, yule mzazi, ameshika shuka kwa mikono miwili, anatutazama mimi na mama yake kama mtu anayesubiri kupigwa.

"Urefu bila maji ni barabara tu," nikasema. "Mwiteni Umutoni."

Konsolata hakunicheka. Alinipakatisha mtoto kwanza, kabla ya shangazi zake wote, akaniletea sahani ya samaki wadogo wa Kivu. Mtoto akanikojolea kitenge kipya. Nikamwacha amalize.

Nikirudi, basi lilipovuka daraja la Nyabarongo, nilimgusa mama wa kiti cha pili, ambaye hakuniuliza lolote. "Unauona huo? Mjukuu wangu Umutoni ana mwingine wenye maji kuliko huo mara elfu!"

Nililojifunza ni hili: mjukuu mmoja amenipa pande zote mbili za mlima, kwa hiyo sasa nina Nile na nina Kongo. Konsolata naye anayo yote miwili, ila bado hajagundua, na mimi simwambii.