Watatu Niliowaacha Nje ya Karatasi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaisahau. Na wewe ndiye uliyeniamshia siku hiyo, uliponiletea cheti chako cha utafiti wa afya za watu, kimetiwa kwenye fremu, ukanieleza kwamba swali la vifo vya watoto wachanga mlilimaliza kwa siku mbili pale ofisi ya kijiji, mwenyekiti akiwajibia kila nyumba. Hongera kwa cheti. Lakini hilo la mwenyekiti limeniudhi, wala sitajifanya halijaniudhi. Kaa hapo.

Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa kijana nimetoka shule Iringa, kaptula imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, kalamu mfukoni. Serikali ya Mwingereza ilikuwa inahesabu watu. Nikapata ukarani, nikapangiwa kwetu Ubaruku. Karatasi iliuliza kila nyumba wamezaliwa watoto wangapi na wamekufa wangapi. Na jumbe alikuwa ametuambia wazi: mkunga wa serikali ni mmoja, sisi tunamtaka na wenzetu wa Igawa wanamtaka, naye atapelekwa kule ambako karatasi zitaonyesha watoto wanakufa zaidi.

Ungedhani ningekwenda mlango kwa mlango. Wapi! Ulikuwa msimu wa kupandikiza mpunga, tope mpaka magotini, na viatu vyangu vilikuwa vipya. Nikaweka meza kilabuni, wanaume wakaja na pombe yao, nikawauliza wao. Umezika wangapi? Sijazika. Na wewe? Mmoja, surua ile. Nikaandika upesi upesi, kwa mwandiko mzuri.

Hawakusema uongo, uelewe hivyo. Kwetu enzi hizo mtoto aliyekufa akiwa bado ndani, kabla ya sherehe ya kumtoa nje ya nyumba, hakuwa na jina wala matanga. Wanawake walimzika peke yao asubuhi nyuma ya nyumba, na siku ya pili mama yake alikuwa shambani kama kawaida. Baba hakujiona amefiwa. Mimi nililelewa mle mle, desturi hiyo niliijua, na bado sikumwuliza mwanamke hata mmoja. Kalamu nilikuwa nayo, mwanangu. Kilichokosekana ni kichwa.

Hata kwetu sikuuliza. Nilijiambia nyumba hii naijua: mama kazaa wanne, wote tuko hai. Nikaijaza palepale kilabuni.

Miezi ikapita, Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kizungu, akaja kutoka Mbeya, tukaitwa barazani. Akasema mkunga anakwenda Igawa, kwa kuwa karatasi zinaonyesha watoto wa Ubaruku hawafi ovyo, na akatupongeza. Wanaume wakapiga makofi. Nami, mjinga mkubwa, nikapiga.

Mama yangu alikuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake, karibu na dada yangu mkubwa aliyekuwa na mimba yake ya kwanza. Akasimama. Mwanamke kusimama barazani siku hizo halikuwa jambo la kawaida. Hakupaza sauti.

"Bwana, mwulize karani wako mama yake amezaa wangapi."

Bwana Shauri akanigeukia. Nikajibu wanne.

"Saba," mama akasema. "Watatu niliwazika kati ya dada yako na wewe. Kumbe umewafuta, na hata kuniuliza hukuniuliza."

Wanawake wengine wakainuka mmoja mmoja, huyu akisema wawili, huyu watano, mpaka wanaume wakainamisha vichwa. Na unajua mkubwa yule alifanya nini? Alisema pole, karatasi zimekwishapelekwa, akafunga faili lake. Ndiyo maana hasira yangu haijaisha. Lakini kubwa zaidi ni ile ninayojikasirikia mimi, maana faili lile nililijaza mimi.

Mwezi uliofuata dada alijifungua. Mkunga hakuwepo, kitovu kikakatwa kwa utete wa mtama kama ilivyozoeleka. Siku ya sita taya za mtoto zikakaza, hakuweza kunyonya tena, na ya nane akafa. Wembe safi tu ungetosha. Asubuhi wanawake walipotoka na kile kifurushi kidogo, mama akanipa jembe, mimi mwanamume, jambo ambalo halikuwa limefanyika kwetu.

"Leo chimba wewe," akaniambia. "Huyu utamhesabu."

Nilichimba. Udongo ulikuwa laini, haukuchukua muda.

Sasa nisikilize. Cheti kiache hapa kwangu, sikichukii, nitakitundika ukutani. Wewe rudi kule kijijini. Usimwulize mwenyekiti habari za mtoto aliyezikwa na mwanamke. Nenda jikoni kwa mama mwenyewe, mpepetee mchele, ngoja mpaka ataje mwenyewe, hata kama siku nzima itapita. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mficha maradhi kilio kitamuumbua; nchi nayo ni hivyo hivyo. Hesabu ya uongo haikai kwenye karatasi tu, mwanangu, huishia kaburini. Na ukiulizwa habari za ukoo huu, usiseme tena kwamba tulizaliwa wanne. Tulizaliwa saba.

Mungu akupe miguu isiyoogopa tope, na subira ya kumsikiliza mama mpaka amalize. Nenda na baraka zangu, na zake yeye aliyenipa jembe.