Pindo la Fundi Cherehani

Fundi cherehani hunywa kahawa kabla hajavua viatu, soda nyeusi akipima kitambaa, na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu kila mguu unapomlegea. Hapo ulimi wake huishinda mashine kwa mbio, na mzaha wake humchekesha mwenyewe kwanza. Jana, bibi harusi akisubiri, alimaliza kopo la tatu. Moyo ulimdunda hadi kooni, lakini akashona tu. “Haya mwanangu, gauni lako!” Aliliinua kwa mbwembwe, na pindo la sketi aliyovaa mwenyewe likapanda nalo: alikuwa ameyashona pamoja. Bibi harusi alicheka hadi machozi, kisha akamshika mkono, akahisi mapigo. “Mama, moyo unakwenda mbio hivi! Kunywa maji. Nataka kesho uje kucheza.” Fundi akanywa. Kisha akaanza kufumua mshono.