Karani Anayejua Gari Lipi Halitamaliza

Saa saba na dakika kumi mchana. Jua limekaa juu ya utosi wa uwanja wa zamani wa ndege, na lami inametameta kama maji yanayotaka kuchemka. Karani wa mashindano amesimama penye mlango wa vibanda vya matengenezo, penseli sikioni, daftari kifuani. Kope hazichezi.

Anasubiri gari moja kati ya thelathini na nne. Mlio unatangulia, kisha rangi ya chungwa inachomoza kwenye kona ya mwisho na kumpita kama kofi. Anaandika dakika na sekunde.

"Mzunguko wa mia moja ishirini na sita," anasema bila kugeuka. "Magurudumu bado manne."

Dereva wa gari hilo ni mdogo wake, wa tumbo moja.

Mashindano haya huanza saa mbili asubuhi na kwisha saa kumi jioni, bila kupumzika. Wanaokimbia ni walimu, wapaka rangi na mafundi wa friji, na magari yao waliyanunua yakiwa yameshachoka na dunia. Hakuna anayelipwa. Kasi si hoja sana. Hoja ni gari lipi bado linatembea jioni.

Jibu la hoja hiyo liko mikononi mwa mama huyu wa miaka arobaini na sita, ambaye siku za kazi huuza vipuri dukani. Kwa miaka tisa ameandika kila gari lililoingia, aina yake, na kilicholiua. Ana madaftari kumi na moja. Posho yake ya siku haifiki bei ya tairi moja kuukuu.

"Nikidai nyongeza wataniongezea kivuli," anasema, akicheka.

Uwanjani magari hayaitwi kwa majina ya kiwandani. Lile dogo la pembe nne ni Kibiriti. Saluni ndefu inayotikisa makalio ni Bata. Na lile jepesi la milango miwili, linaloruka kona, ni Panzi.

Mwaka jana karani aliiambia kamati kwamba Bata ndilo gari bovu kuliko yote, kwa kuwa Bata arobaini na moja walikuwa wameharibika. Kamati ikawakazia masharti wenye Bata. Ndipo mwalimu mmoja wa hesabu, mwenye Bata wake, akasimama mbele ya watu sabini.

"Dada karani, waliokufa ni arobaini na moja, sawa. Walioingia ni wangapi?"

Akaanza kupekua daftari.

"Nilihesabu makaburi, nikasahau kuhesabu kijiji," anasema sasa. Siku ile wenye Bata walimlilia "kwaa, kwaa" kila alipopita. Mzee wa bendera, msimamizi wa mashindano, hakucheka. Alimwambia, "Ukikosea tena, bibi, hilo daftari utalifungia karanga."

Akaanza upya. Miezi mitatu mezani jikoni, ukurasa kwa ukurasa. Bata walioingia walikuwa mia moja sitini na wanne, kwa hiyo mmoja kati ya wanne ndiye aliyeharibika, sawa na magari mengine. Panzi walioingia kwa miaka yote tisa ni kumi na wanane tu. Kumi hawakumaliza. Na saba kati ya hao waling'okwa na gurudumu la mbele kushoto, wote ndani ya saa ya sita ya mbio, kati ya saa saba na saa nane mchana.

Kona za uwanja huu karibu zote hukata kulia, hivyo mzigo huliangukia gurudumu hilo, na beringi yake, ile ya gololi katikati ya gurudumu, hupikika taratibu. Kwa vile Panzi ni wachache na wanapendwa, hakuna aliyeshtuka. Dereva mmoja kati ya wale saba anatembelea mkongojo hadi leo.

Wino haujakauka, mdogo wake, mchomeleaji wa mageti, akaja nyumbani na Panzi.

"Dada, huyu ukimgusa tu anaruka!"

"Ataruka, naam. Sijui ataruka na magurudumu mangapi."

"Aa, wewe! Mwaka jana ulimzika Bata, akafufuka."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Umenizidi miaka mitatu. Ukuu gani huo?"

Mwezi mzima dada alimsumbua. Alimpigia simu, akampelekea picha za kurasa. Alichopata ni vikaragosi vya kucheka.

Na sasa ni saa ya sita yenyewe. Panzi wa rangi ya chungwa ni wa tatu.

Karani ana haki moja: kuita gari moja tu kwa siku likaguliwe. Ukaguzi hula dakika saba, yaani mizunguko mitatu. Gari likikutwa zima, kosa huandikwa kwa jina la karani. Tangu aibu ya Bata hajaigusa haki hiyo.

Mzunguko unaofuata, Panzi anachelewa sekunde mbili. Unaofuata, nne.

Mzee wa bendera anasogea. "Una uhakika?"

"Sina. Nina Panzi kumi na wanane tu."

"Wachache hao."

"Ndiyo maana naogopa."

"Na dereva angekuwa mtoto wa mwenzio?"

Anamsindikiza Kibiriti mmoja kwa macho.

"Ningeshamwita," anasema, na kuinua ubao wenye namba ya mdogo wake.

Gari linaingia likitoa moshi wa breki. Sauti inatokea ndani ya kofia: "Dada, umeniua!"

"Ndiyo kwanza nakuzuia usife. Shuka."

Jeki inapanda. Fundi mkaguzi analishika gurudumu juu na chini, analitikisa. Halichezi. Analizungusha, anatega sikio. Anaweka kiganja pale katikati, anakiacha hapo muda mrefu; hakiungui.

"Zima kabisa," anasema. "Liende."

Dakika saba zimekwisha. Wa tatu anarudi njiani akiwa wa saba. Karani anaandika mbele ya watu wote: Panzi, saa ya sita, halina kasoro. Mzee wa bendera anageuka na kurudi kwenye bendera yake, na hilo ndilo linalouma.

Saa kumi bendera inashuka. Mdogo mtu amemaliza wa sita. Anakuja mezani, amekunja uso.

"Sema," dada anamwambia. "Nimekaa tayari."

"Beringi za mbele nilibadilisha Alhamisi. Zote. Niliweka nene, za lori dogo, nikachonga mwenyewe zikakaa." Anakuna kidevu. "Na zile kona nilikuwa nazibembeleza. Ulishanitia woga."

"Na kinywa chako kilikuwa wapi?"

"Ungeringa mwaka mzima."

Karani anacheka mpaka anafuta macho, kisha anamchapa begani kwa daftari. Halafu kicheko kinakatika. Anafungua kurasa za Panzi wanane waliowahi kumaliza. Aina ya gari ipo. Mwaka upo. Walichobadilisha wenyewe hakipo.

"Miaka tisa naandika jina la gari," anasema polepole, "wala sikuuliza ndani kuna nini."

Kamati itakaa wiki ijayo kuamua kama abaki. "Wakininyang'anya kiti nitasimama kwenye uzio. Uzio hauna kamati." Akibaki au asibaki, amepanga kuwafuata wenye wale Panzi wanane, nyumba kwa nyumba, awaulize waliweka beringi gani, na msimu ujao hakuna gari litakaloandikwa bila safu mpya mbili.

Anazipigia mistari papo hapo, kwa ukingo wa rula iliyopinda: Kilichobadilishwa. Sababu.

"Anza wewe," anamwambia mdogo wake, akimpa penseli.

Mchomeleaji anainama. Anaandika aina ya beringi, siku, na kipimo. Kwenye safu ya pili anasita kidogo, kisha anajaza: Kelele za dada.